Beseni, Aliyeruka Mfereji Mara Mbili

Shikamooni wakubwa wote, na wadogo zangu mambo. Kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi mmeona jina Jemadari. Ndilo jina lake halali, lakini hapa Mlali hata mtoto wa chekechea anamjua farasi wetu kwa jina la Beseni, kwa hiyo tusijifanye.

Jina alilipata siku ileile aliyofika. Mama Mwajuma, jirani yetu, alikuwa anafua uani. Marehemu akaona beseni, akaona hii ndiyo fursa, akaruka. Miguu mitatu ilivuka. Wa nne ukatua kwenye povu, plastiki ikapasuka, ikambana mguuni kama kiatu, akazunguka nayo mtaa mzima, ko ko ko, shuka la watu likining'inia shingoni. Mama Mwajuma akamwita mjomba wangu, "We Gabrieli, farasi wako kavaa beseni langu." Mimi nikaposti video mtandaoni. Jina likaganda.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 2011, kwenye shamba moja la mifugo upande wa Dakawa, ambako Mjomba Gabrieli alitunza farasi kwa miaka kumi na moja. Shamba lilipofungwa, farasi wengine walipata wanunuzi. Huyu alijaribiwa na watu watatu, akawaangusha wote watatu. Mjomba akapewa bure. Walitembea kwa miguu siku mbili, wakaingia hapa Jumamosi, tarehe 14 Machi 2020.

Elimu yake ilikuwa mwanzi mmoja juu ya matofali mawili, mwalimu Mjomba, kila jioni kwa miaka mitano. Alipenda shule kuliko mimi. Tatizo, miguu ya mbele ilikuwa inafika, ya nyuma bado iko kwenye kikao. Kila akidondosha mwanzi aligeuka kumwangalia Mjomba, masikio yamesimama, kama anauliza matokeo. Mjomba anamwambia, "Kesho, baba. Kesho utavuka."

Kazi yake ilikuwa kubeba matenga ya nyanya kutoka shambani hadi sokoni. Njiani aliruka kila mtaro, hata ule ambao kuku anapita bila kufikiria. Wateja walizoea kupokea rojo.

Hakujaliwa kuoa. Alimpenda kwa dhati punda wa Bi Hafidha, akaruka uzio mara nyingi kwenda kumsalimia, na kila mara alifika na kipande cha uzio.

Sasa, hapa kwenye kuumia na kufa, Mjomba aliniambia niandike, "Aliumia mguu baada ya lango kusahauliwa wazi." Tangu juzi kila anayekuja kutoa pole, Mjomba anamwambia, "Ni mimi. Sikuingiza mwanzi wa kufungia lango." Jana mtani wetu, mzee Ahmadi, alikuja kutania msiba kama ilivyo haki yake, kaingia akichechemea na beseni mguuni. Msiba wote ukacheka. Mjomba alikuwa anaangalia lango.

Mjomba, mwanzi uliuingiza. Niliutoa mimi.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, saa kumi jioni. Nilimpeleka kwenye mfereji wa maji yanayoshuka kutoka Uluguru, nyuma ya shamba la vitunguu. Nilitaka klipu. Watu mtandaoni walikuwa wananiandikia, "Beseni yuko wapi, au kastaafu?" Nikasimama ng'ambo na kipande cha muwa, nikamwita. Akaja mbio, akaruka.

Akavuka. Miguu yote minne. Hakugusa hata jani. Akasimama mbele yangu, masikio juu, anasubiri matokeo. Mimi nikaangalia simu. Sikuwa nimebonyeza kurekodi.

Hata muwa sikumpa. Nikamrudisha upande alikotoka, nikamwambia, "Bro, tena." Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na ule mruko wa kwanza ulikuwa umeshalegeza ukingo. Safari hii ukamomonyoka. Mguu wa mbele wa kulia ukavunjika. Jumanne daktari wa mifugo alikuja, akasema mguu ule hautapona, na saa nne asubuhi akamchoma sindano ya mwisho. Mjomba alikuwa amemshika kichwa. Akamwambia, "Nisamehe, baba, nilisahau lango." Mimi nilikuwa nimesimama palepale.

Simu yangu ina video zake sitini na moja. Zote anaanguka. Ule mruko aliovuka niliuona mimi peke yangu, na wewe, Mjomba, ndiye uliyeusubiri miaka mitano. Ulikuwa safi. Alifaulu.

Ameacha Mjomba Gabrieli, punda wa Bi Hafidha, ambaye tangu juzi haondoki kwenye tundu la uzio, Mama Mwajuma na beseni lake la nne, na mimi mpwa, Josephina.

Apumzike Jemadari, miguu yote minne ng'ambo.

Tukishamfukia, mwenye stori yake anisimulie, nitaiandika kwenye daftari. Za kuanguka ninazo za kutosha. Naomba za siku alizosimama tu, anakula majani, hakuna anayemwita. Mjomba, ningependa ya kwanza iwe yako, siku utakayoweza kuongea na mimi.