Viatu vya Mzee Nundu Vilivyofungiwa Kabatini

Ndugu, majirani na wote mliowahi kuondoka karakanani kwake mkinung'unika: inatangazwa rasmi, kwa huzuni, kwamba Mzee Nundu, fundi wa matairi, ameacha kukagua magari ya watu. Mlioegesha hapo nje, mko salama.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1949, mtoto wa tatu wa mshona viatu. Alisoma hadi darasa la saba, akaacha mwaka 1963 kwa hiari ya mwalimu mkuu, baada ya kuitoa upepo baiskeli ya mwalimu huyo. Alijitetea kwamba tairi lilikuwa na nundu. Lilikuwa nayo kweli.

Mwaka 1971 alifungua karakana nyuma ya kituo cha mafuta. Sheria ilikuwa moja: tairi lenye nundu haliondoki. Ukibisha, alichomoa valvu, akaitia mfukoni, akaenda kunywa chai. Mwaka 1976 alimkwamisha hivyo dada mmoja, dereva wa lori la maziwa, saa tano nzima. Wakaoana Agosti. "Nilikubali ili anirudishie valvu," mama yetu husema mpaka leo.

Mwaka 2015 alianza kuumwa kichwa kwenye panja, na taya kila alipotafuna. Hospitali wakagundua kuta za mishipa yake ya damu zimeugua na kuvimba. Dawa ziliutuliza uvimbe, lakini ukuta uliougua hivyo hulegea, na damu haiachi kuusukuma. Miaka miwili baadaye picha ilionyesha mshipa mkuu wa kifuani umetuna. Ungeweza kupasuka wakati wowote.

Upasuaji akaukataa katakata. Kitinda mimba wake, binti, alikuwa hajaiva kikazi. "Nikifia kwenu, nani atammalizia mafunzo?"

Daktari, mteja wake wa zamani, akamwonyesha ile picha. "Mzee, tairi kama hili unaliachia liondoke?"

Mzee akaanza kutafuta viatu vyake.

Daktari akabeba viatu vya mzee, akavifungia kabatini, akaenda kunywa chai.

Aliwekewa kipande kipya cha mshipa, akapata miaka saba mingine karakanani, na binti akaiva hadi akawa anamkosoa. Alifariki usingizini, alasiri ya tarehe 11 Juni 2024, mshipa ulipotuna tena chini ya kiraka na kupasuka.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na ndoo ya valvu. Wenyewe mzifuate.

Mola ampe pumziko alilolikwepa maisha yote. Mchana ule wa mwisho binti alimwambia, "Baba, kazi sasa naijua. Pumzika."

Akajibu, "Sijachoka."