Chumvi Niliyoificha Kwenye Koti

Bapapa, bamaman, nanyi vijana mliokubali kubaki baada ya ibada, amani ya Mungu ikae nanyi. Mimi si mtu wa maneno. Kazi yangu ni kupakia mifuko ya saruji kwenye malori kule bondeni Bugarama, na huko tunatumia mabega zaidi kuliko mdomo. Nimesimama kwa sababu mke wangu, yule pale benchi ya tatu, amesema ni lazima mlisikie hili kutoka kwangu mwenyewe.

Mwaka jana alianza kuvimba miguu. Akipanda na maji kuja kwetu Nzahaha anasimama mara tatu kuvuta pumzi, na huyu ndiye aliyekuwa akiniacha nyuma kwenye kilima hichohicho akiwa na mtoto mgongoni. Tukaenda hospitali. Wakakuta ana tansiyo, ile wengine mnaiita presha, iko juu sana, na moyo umeanza kuchoka. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, asiye na mzaha. Akatupa dawa, halafu akatupa na masharti. Chumvi, hapana. Vile vidonge vya kuungia mchuzi, hapana. Makayabo, yale masamaki makavu ya chumvi tuliyokulia Bukavu, hata kuyanusa hapana.

Ndugu zangu, mke wangu hakuulilia ugonjwa. Alilia tulipofika nyumbani, mbele ya jiko. "Sasa nitakuwa napika nyungu mbili? Yenu na yangu? Nitakaa peke yangu na sahani yangu sawa muntu mwenye bantu balitenga?"

Nikatoa kifua mbele. "Maman, nyungu ni moja tu. Wewe usipokula chumvi, mimi pia sili."

Jumapili iliyofuata nikaja kukirudia kiapo hicho hapahapa mlipoketi. Mlinipigia makofi. Makofi yale yalinilevya, nawaambia kweli.

Nikala sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi. Nikala maharage bila chumvi. Siku ya tisa uzalendo ukanishinda. Nilipita dukani asubuhi nikielekea kazini, nikanunua chumvi, nikaifunga kwenye karatasi na kuitia mfuko wa ndani wa koti langu la kazi. Mke wangu alinifungia chakula kila siku, nami saa sita najitenga na wenzangu, nanyunyiza. Nilijiambia mtu anayetoka jasho vile hana kosa. Jioni narudi na koti langu nyumbani, nakula naye kile kisicho na chumvi, na kusema, "Mimi nimeshazoea kabisa." Naye akawa anatembea kwa majirani akinisifu.

Baada ya muda nikaona chumvi yangu inapungua upesi. Nanyunyiza kidogo, kesho yake karatasi imelegea. Nikamshuku mwenzangu mmoja tunayetundika naye makoti kwenye msumari mmoja. Nikamwita mwizi mbele ya watu.

"Mzee," akasema, "miye niache simu ya muntu, niache viatu, niibe chumvi?"

Watu wakacheka. Tukanuniana naye. Nami nikaenda kununua chumvi nyingine.

Wakati huo miguu ya mke wangu ikavimba upya. Daktari akaongeza dawa, akauliza, "Chumvi mmeacha?" Tukajibu pamoja, kama watoto wa shule: "Tumeacha." Tukiwa njiani nikamlaumu daktari kwamba hajui kazi.

Siku moja saa sita mchana, nikiwa na mfuko begani, simu ikalia. Ni maman jirani yetu. "Papa, kuya mbio! Bibi yako anashindwa kupumua!"

Nilimkuta hospitali amevalishwa oksijeni, midomo imebadilika rangi. Daktari akasimama upande wa pili wa kitanda. "Nani anampa chumvi?"

Mimi, ndugu zangu, nikainua mkono wa kuume. "Daktari, naapa, nyumbani kwetu hakuna hata punje. Mtafute ugonjwa mwingine."

Mke wangu akaisogeza ile barakoa ya oksijeni kwa kidole. "Iko," akasema. "Iko mu koti yake."

Mfuko wa saruji uliwahi kuniangukia mgongoni, nikainuka. Siku ile maneno manne yaliniangusha. Nilikaa chini, sakafuni, mbele ya wagonjwa wengine.

Alipopata nafuu kidogo nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Niliikuta nikifua koti. Nikasikia haya ya kukuuliza. Kisha nikasema, kama yeye mwenye iko muzima inamushinda, miye mugonjwa nitaweza aje? Nikaonja kidogo. Kesho tena. Ikiisha, unaleta ingine."

Mmesikia? Ikiisha, naleta nyingine. Kumbe kila asubuhi nilipopita dukani nilikuwa namnunulia mke wangu sumu, na mwizi niliyemtafuta kazini nilikuwa nakula naye sahani moja.

Daktari hakunifokea. Alisema, "Papa, hakuna aliyekulazimisha kuapa. Ungemwambia tu kwamba imekushinda, kwamba wewe mwenye afya utakula yako kazini. Angejua ni yako, si yake."

Mke wangu alilazwa siku nyingi. Maman jirani alikuwa akimpelekea chakula, na aliponiona nimeduwaa jikoni akanifundisha: nyanya upike mpaka zikauke, tia kitunguu saumu, seleri, tangawizi, mwisho ukamulie ndimu. Wiki za kwanza nilikula kwa machozi. Kisha ulimi ukaamka. Leo lengalenga, mchicha wa kwetu, naila nasikia utamu wake wenyewe. Yule mwenzangu nilimwomba msamaha palepale nilipomwita mwizi. Wiki ile aliniletea ndimu kutoka kwao Mururu, na bado analeta.

Sikuwa malaika baada ya hapo. Juzi tulialikwa harusi, mke wangu akabaki nyumbani. Niliporudi, kabla sijavua viatu, nikasema, "Maman, nimekula nyama ya chumvi. Vipande vitano."

Akanitazama. "Bitano?"

"Saba."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Miguu yake siku hizi haivimbi, na kilima anakipanda kwa kusimama mara moja tu.

Namshukuru daktari, namshukuru maman jirani na mwenzangu wa ndimu. Zaidi namshukuru mke wangu, aliyekubali kula tena na mwongo. Ninyi mnaouguza wenzenu, msiape ili mpigiwe makofi. Likikushinda, sema palepale mezani, hata kama chakula kitapoa. Leo msinipigie makofi. Mniombee tu.