Harufu ya Ndizi Kwenye Mizinga ya Zuzu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mkiniitikia kwa sauti ndogo nitaridhika, maana hata mimi sauti yangu ni ndogo, na mnanijua. Naitwa Lameki. Naishi hapa Zuzu, ng'ambo ya reli, kwa mjomba wangu Ndahani, mfuga nyuki. Wengi wenu mmekula asali niliyoibeba, lakini ni wachache mliowahi kunisikia nikizungumza. Leo nimeomba nisimame kwa sababu Mungu ameniokoa na kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja. Tena nawaona vijana wenzangu kwenye mabenchi ya nyuma, na najua wengine mnacho mfukoni sasa hivi.

Kitu hicho ni vepu, sigara ya umeme.

Nilipomaliza darasa la saba nilikaa kwa Mjomba, kisha nikapata kazi Chimwaga, karibu na chuo kikuu, nikahamia huko. Nilikuwa nauza makava ya simu na chaji kwenye kibanda cha kaka mmoja anaitwa Festo. Wanafunzi walikuwa wanakuja kwa makundi, wanacheka, wanataniana, wanachanganya Kiswahili na Kiingereza. Mimi nilikuwa nasimama pale sijui mikono niiweke wapi. Mtu akinisalimia, jibu lilinijia akiwa ameshaondoka.

Siku moja Festo alinipa vepu yake. Aliniambia ni mvuke tu, hauna tumbaku, una ladha ya ndizi. Nikavuta. Ndugu zangu, nisiwadanganye, nilipenda. Mkono ulipata kazi, na ule moshi ulinifunika uso kama pazia. Nyuma ya pazia nilijiona na mimi ni mtu. Wanafunzi wakaanza kuniita Kaka Ndizi. Kwangu lilikuwa jina la heshima, sikuwahi kupewa jina la utani maishani.

Kumbe nilikuwa nimeshikwa mkono na mwenye nguvu kuliko mimi!

Mwanzoni nilivuta tukishafunga kibanda. Baadaye nikawa navuta kabla ya kunawa uso. Nikiikosa kwa muda, kichwa kinaniuma, mikono inatetemeka, nakasirikia hata mteja aliyeniletea pesa. Moyo ulikuwa unanienda mbio nikiwa nimekaa. Nikija nyumbani Jumapili na kuingia ibadani, mahubiri hayafiki nusu, natoka kwenda chooni kuvuta. Ninyi mlidhani tumbo linanisumbua. Kuna mama mmoja hapa aliniletea unga wa mlonge. Mama, nisamehe. Niliupokea, nikaunywa, na tumbo langu lilikuwa zima.

Basi msimu wa kurina asali ukafika, Mjomba akaniita nimsaidie. Hapa lazima niwaeleze desturi yetu ya mizingani, maana ndipo jambo lenyewe lilipotokea.

Nyuki wanaishi kwa harufu. Nyuki mmoja akichoma, mahali pale panabaki harufu inayofanana na ndizi mbivu, na wenzake wakiinusa wanajua kuna adui, wanakuja wote. Kwa hiyo siku ya kurina, kwetu hakuna sabuni ya kunukia, hakuna mafuta ya nywele, na ndizi hailiwi kabisa. Kabla hatujavaa maovaroli na nyavu za uso, Mjomba anapita kwa kila mmoja na kumuuliza, "Umeoga na nini?" Jibu ni moja: "Maji na jasho, Mjomba." Yeye anacheka, anasema, "Basi unanuka vizuri." Ni utani, lakini ni utani unaolinda uhai.

Siku ile tulikuwa watatu. Mimi, Mjomba, na dada yangu Yunisi. Yunisi haoni tangu utotoni. Alisoma Buigiri kwenye shule ya watoto wasioona, na sasa ndiye anayekamua na kuchuja asali yote ya nyumbani. Tukienda kurina anakaa kivulini hatua chache kutoka kwenye mizinga, na wavu wake usoni, anapokea masega na kufunika ndoo. Mimi ndiye ninayemshika mkono kwenda na kurudi. Hiyo ni kazi yangu tangu nikiwa mdogo.

Mjomba akauliza swali lake. Nikajibu maji na jasho. Yunisi akageuza uso upande wangu.

"Mjomba, kuna mtu amekula ndizi."

Mjomba akacheka sana. "Ndizi, katika ukame huu? Nani huyo tajiri? Yunisi, njaa inakudanganya pua."

Ndugu zangu, pale ndipo mlango ulipofunguliwa nami sikupita. Neno moja lingetosha. Lakini haya ilinifunga mdomo, na vepu ilikuwa kifuani mwangu, ndani ya ovaroli. Nikamshika dada yangu mkono, tukaenda.

Nilikuwa nimejiambia nitavumilia mpaka tumalize. Nilijua desturi, nilijua hatari, na nyuki nawapenda. Lakini tulipofungua mzinga wa pili hamu ilinizidi. Nikamwambia Mjomba naenda kuleta kisu. Nikajificha nyuma ya kichaka, nikainua wavu, nikavuta. Mara moja tu. Nikashusha wavu, na ule moshi wa ndizi ukabaki humo humo pamoja na kichwa changu.

Niliporudi mzingani, mlio wa nyuki ulibadilika. Anayewafahamu anajua ninachosema. Ule wimbo wa kazi ulikatika, ukaja mwingine wa ukali. Walikuja kwangu kama mchanga unaorushwa na upepo, wakapita kila penye upenyo.

Nikakimbia. Na kwa kuwa miguu yangu imezoea njia moja, nikakimbilia kwa dada yangu!

Yunisi alisikia mlio unakuja. Alisimama, akanyoosha mikono mbele yake kama alivyozoea kunisubiri, bila glavu, maana alikuwa anafunika ndoo. Nikaona nyuki wa kwanza wanatua kwenye vidole vyake. Nikaona wengine wanaingia chini ya wavu wake. Yeye hawezi kukimbia porini. Angekimbilia wapi?

Sijui nieleze vipi. Sikusikia sauti ya mbinguni. Nilijua tu kwamba ndizi iko kwangu, siyo kwake. Nikageuka, nikakimbilia upande wa pili, kwenye miiba, mbali naye, namwita Yesu kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Na kundi lile, ndugu zangu, sehemu kubwa likanifuata mimi.

Lakini kifua hakikufika mbali. Mimi niliyekuwa nakimbia kutoka Zuzu kwenda shambani na kurudi bila kuhema, pumzi ilinikatika kama kamba iliyooza. Nikaanguka kifudifudi. Mjomba alinifikia akiwa na bomba la moshi la kutulizia nyuki, akanifunika kwa moshi, akaniburuta. Kisha akamfuata Yunisi. Vijana wa pikipiki wakatukimbiza hospitali.

Mimi nilivimba, nikapona upesi. Yunisi alivimba uso mpaka midomo, akawa anavuta pumzi kwa shida. Wakamchoma sindano, wakamwekea hewa. Nilikaa kwenye benchi la nje nikimsikiliza anavyohema. Nikamwambia Mungu, ukimrudishia pumzi yake, chukua kila kitu kilicho mfukoni mwangu. Muuguzi aliyekuwa ananitoa miiba ya nyuki aliniuliza kama navuta sigara, maana kifua changu kilikuwa kinalia. Nikasema hapana. Halafu nikaona aibu kumdanganya mtu anayenihudumia wakati dada yangu anapigania pumzi. Nikaitoa ile vepu, nikaiweka mkononi mwake.

Akaiangalia. Hakunigombeza. "Mdogo wangu, humu kuna nikotini. Ndiyo ileile ya kwenye sigara, nayo ndiyo inayokushika. Ndizi ni harufu tu."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo! Nilidhani mimi ni dhaifu wa tabia. Kumbe nilikuwa nimefungwa, na kifungo kina jina.

Jioni pumzi ya Yunisi ilitulia. Niliposikia ananiita, nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia yote, ya kibanda, ya kichaka, ya jibu la uongo. Nilingoja anilaumu. Yeye akanusa hewa.

"Nilijua pua yangu haina njaa," akasema. Kisha akalia, nami nikalia.

Ndugu zangu, sitawaambia kwamba hamu iliisha palepale. Wengine Bwana huwaponya hivyo, na ashukuriwe. Mimi niliombewa hapa mbele, mkaniwekea mikono, na jioni hiyohiyo niliitaka vepu kama mtoto anavyotaka ziwa la mama. Usingizi ulinikimbia. Nilimjibu Mjomba vibaya. Yule muuguzi alikuwa ameniambia kwamba hamu huja kama wimbi na hupita, ninywe maji, mikono ipate kazi, nirudi kliniki anione, na zaidi ya yote nisipigane peke yangu. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Mtu kama mimi anamwambia nani?

Yunisi ndiye aliyepata njia. "Ukiitaka, njoo unishike mkono," aliniambia. "Usiseme kitu. Nitaelewa."

Basi nilikwenda. Namkuta anachuja asali, namshika mkono, anaacha kazi, tunakaa mpaka hamu inapita. Wakati mwingine aliomba kwa sauti, wakati mwingine alinipa nta niikande. Zamani mimi ndiye niliyemwongoza yeye. Sasa yeye aliniongoza mimi, njia ambayo macho hayana kazi.

Tena nilianguka. Nilikwenda Chimwaga kuchukua nguo zangu, Festo akanikaribisha, nikavuta. Nilirudi nimeinamisha kichwa. Yunisi alikuwa mlangoni.

"Leo siyo ndizi," akasema. "Ni embe."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini akacheka, akaniambia hata nta ikivunjika inayeyushwa tena. Kesho yake tukaanza upya. Namshukuru Mungu, tangu hapo sijarudia. Pumzi imerudi. Asubuhi naamka na ninachowaza kwanza ni uji.

Msimu huu Mjomba alitangaza siku ya kurina. Hakuniita, nami sikumlaumu. Niliamka mapema nikasimama uani pamoja na wengine. Nilikuwa naogopa, ndugu zangu, si nyuki, bali lile swali. Mjomba akafika kwangu.

"Umeoga na nini?"

"Maji na jasho, Mjomba."

Hakucheka. Akamgeukia dada yangu. Yunisi, ambaye mikono yake ina alama mpaka leo, akanisogelea, akanusa bega langu, shingo yangu, mfuko wa shati langu, taratibu kama anayesoma.

"Ananuka jasho," akasema. "Twendeni."

Akanipa mkono wake.

Siku ile tulirina mizinga yote, na nyuki waliimba wimbo wao wa kazi mwanzo hadi mwisho. Utukufu kwa Bwana!

Kijana wa benchi la nyuma, sikuiti mbele. Najua kuja mbele kulivyo kugumu. Ibada ikiisha mimi nitakuwa pale nje kwenye ukuta, ninapokaa siku zote. Yunisi atakuwa nami. Huna haja ya kuanza na maneno. Njoo ushike mkono wangu tu, nitaelewa, na yuko Bwana ambaye alikwisha kuelewa kabla yangu. Mwamini. Kwake hakuna harufu inayomfukuza mtu.

Nimemaliza. Asanteni kwa kunisubiri.