Kompyuta Inayotaka Macho

Akaale alijikunyata kiti cha nyuma cha gari la kutoka Lodwar, akiomba Kakuma ifike upesi. Mbele yake mzee Ewoi alikuwa akimweleza masaibu yake Godelieve, mama Mkongo aliyekutana naye humo humo garini.

"Kompyuta inasema pepesa macho ndio ipige picha. Mimi nipepese nini, mama? Ugonjwa wa trakoma uliyamaliza yote."

"Na hiyo kadi ni ya nini, papa?"

"Ya kuonyesha mimi ni kipofu."

Abiria wakacheka, kisha wakaona haya.

"Karani hakukusaidia?"

"Alinishika kope, akazifungua kwa vidole. Mashine ikakataa. Akasema nirudi mwezi ujao. Hii ni mara ya nne."

"Pengine si kosa lake."

"Basi ni la nani? Sura yake siijui, lakini ile sauti nitaijua hata kaburini."

Nyuma yao Akaale, karani mwenyewe, aliificha mikono chini ya leso, kana kwamba mzee angeiona.

Wakaingia Kakuma, na nyumba ya mama yake Akaale, alikokuwa akienda, ikatokea kando ya barabara. Kondakta akauliza kama kuna wa kushuka. Ilikuwa kazi ya neno moja tu. Akaale akaufumba mdomo, na nyumba ikapita.