Jouvenie Saintilus na Supu ya Januari Mosi

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele huko jikoni. Leo tunamkumbuka binti aliyekuja kuwa wetu hapa hapa mjini Petit-Goâve. Jina lake Jouvenie Saintilus. Jouvenie Saintilus, mwanafunzi wa uuguzi, ametutoka akiwa na miaka ishirini na mmoja tu.

Jouvenie alikulia Port-au-Prince, mji wetu mkuu. Magenge yalipouchoma mtaa wao, alikimbia na mama yake, Bi Célianise, na shangazi yake, Mérancia. Wakafikia hapa, kwenye uwanja wa shule, pamoja na familia nyingi nyingine. Walilala darasani, chini, juu ya maboksi.

Januari mosi ilipokaribia, siku ya uhuru wetu Wahaiti, shangazi akaanza kuulizia maboga ya supu ya siku hiyo. Jouvenie akacheka kwa uchungu.

"Uhuru gani, shangazi? Nyumba hatuna, chuo sina, hata chooni tunapanga foleni. Tunasherehekea nini?"

Shangazi Mérancia anakumbuka alivyomjibu. "Nilimwambia, we mtoto! Bibi zetu, wakiwa watumwa, waliipika supu hii kwa ajili ya bwana, wakakatazwa hata kulamba mwiko. Siku walipojikomboa, wakainywa. Hutaki, acha. Lakini usiniambie haina maana."

 Kesho yake Jouvenie alipanda milimani kwa miguu, shamba kwa shamba, akiomba maboga. Jioni alirudi na boga kubwa kichwani, na wakulima nyuma yake wamebeba mengine.

Siku yenyewe ikafika. Supu iko tayari, watu wamepanga foleni na mabakuli yao. Mara wakaingia vijana wa genge wenye bunduki.  Mkubwa wao akaielekeza bunduki kwenye sufuria.

"Bebeni hiyo, twende."

Jouvenie alikuwa ameshika upawa.  Hakusogea.

"Haibebwi," alisema. "Hii si ya bwana yeyote. Kama una njaa, panga foleni nyuma ya yule babu. Utapata kama wenzako."

"Unanijua mimi?"

"Nakujua. Wewe Mhaiti. Ndiyo maana nakupa."

Bi Célianise anasema alifumba macho, akisubiri mlio. Haukuja. Yule mkubwa alitema mate chini, akageuka, akaondoka. Lakini baadhi ya wenzake hawakumfuata. Walikwenda kusimama nyuma ya babu, vichwa chini. Jouvenie akawapakulia.

Kisha kipindupindu kikaingia uwanjani. Jouvenie ndiye aliyewanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Jamaa zake wa mji wa Jacmel walimwita aende kwao. Akawaambia atakwenda wagonjwa wakisimama. Wengi walisimama. Yeye akaambukizwa, akaanguka.

Kwenye mazishi, mtu mmoja alimsifu sana, akamwita mkimbizi shujaa. Bi Célianise akanyanyuka.

"Samahani, baba. Mwanangu hakuwa mkimbizi. Nchi hii ni yake. Amefia nyumbani kwao."

Bi Célianise, Shangazi Mérancia, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu amlaze Jouvenie mahali pema.

Nanyi vijana mnaotusikiliza, mliochoka, mnaouliza uhuru gani huu: Jouvenie naye aliuliza. Aliuliza, kisha akaenda kutafuta maboga. Ninyi je, mtakwenda wapi?