Maadui Elfu Nne Waliozuiwa

Basi la Lanet lilikuwa halijatoka mjini, na tayari Gachanja, mwenye saiba, duka la intaneti, kule mtaa wa Rhonda, alikuwa amemmwagia jirani yake wa kiti mambo yake yote. Kabiru, fundi wa mageti aliyeketi nyuma yao, hakuhitaji kutega sikio.

"Mimi nagawana sinema na watu wa dunia nzima kwa intaneti, na hakuna mkaguzi wa hakimiliki ananiona. Kuna programu inazuia anwani za kompyuta zao. Jumapili nimetoa ushuhuda kanisani: wiki moja, maadui elfu nne wamezuiwa!"

"Mzee, inazuia tu zile anwani ziko kwa orodha," alisema jirani huyo, Ankita, binti anayesomea kompyuta. "Mkaguzi akikuja na anwani mpya, anaona yako wazi. Na hao elfu nne, wengi ni watu wa kawaida tu."

Kabiru alikubali kimoyomoyo. Mlinzi anayefukuza wezi kwa majina hamjui mwizi mgeni.

"Na mbona mwaka mzima sijashikwa?" Gachanja aliuliza.

"Hakuna mtu amekutafuta."

Gachanja alicheka mpaka machozi. "Basi hilo ndilo la kushukuru! Bwana asifiwe. Lakini programu siitoi. Wakichukua kompyuta zangu tano, watoto watakula nini?"

Basi likasimama Lanet. Gachanja alimpa Ankita mkono, akamshukuru, akashuka. Mgongoni mwa shati lake, jina la saiba na nambari ya simu viliandikwa kwa herufi nyekundu ambazo hata Kabiru, aliyeachia shule darasa la nne, alizisoma kutoka dirishani.