Kichupa cha Tano cha Bi. Rael Jepchumba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Rael Jepchumba anastaafu tarehe 30 Juni kutoka jumba letu dogo la makumbusho hapa Nakuru. Alitunza vichupa tisa vya marashi vya Warumi wa kale, tulivyoachiwa na mkulima mmoja wa Ndabibi aliyevikusanya maisha yake yote.

Aliajiriwa kufanya usafi. Wiki ya pili aliona vichupa vimefunikwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua. Akachukua cha tano, akakisugua kwa kijiti na majivu, kama mama yake alivyomfunza kusafisha kibuyu cha mursik, yaani maziwa lala. Utando ukabanduka kama magamba ya samaki. Ulikuwa kazi ya udongo uliovifukia kwa karibu miaka elfu mbili, na ndio hasa wakusanyaji wanaoutafuta. Alipoambiwa hivyo, alikunja aproni yake, akampelekea mhifadhi wetu wa wakati huo, Mzee Kang'ethe, pamoja na kichupa.

"Nilidhani ni uchafu, mzee. Kwetu kibuyu kikiwa hivyo hakitiwi maziwa."

"Vaa aproni yako," Mzee akamjibu. "Vinane vilivyobaki ni vyako. Mwingine anaweza kurudia kosa hili, wewe huwezi."

Hakurudia. Alisomea uhifadhi kwa njia ya posta, akapanda hadi kuwa mhifadhi msaidizi. Paa lilipovuja, alivihamisha vyote ndani ya pamba, na hakuna kilichopata ufa. Mwanafunzi mmoja kutoka shule ya Bahati alipomuuliza, "Mathe, marashi yenyewe yalienda wapi?" alijibu kwa utulivu, "Yalitumika, mtoto wangu. Si ndiyo kazi yake?"

Mwaka jana mthamini alishauri kichupa cha tano kiondolewe kabatini, kwa kuwa bila utando kilikuwa kimepoteza thamani. Niliunga mkono, nikidhani ninampunguzia Bi. Rael aibu. Yeye akaja na kadi aliyoiandika kwa mkono: "Kilioshwa na Rael Jepchumba, 1994." Akaomba kichupa na kadi vibaki kabatini.

Asubuhi, jua linapofika dirishani, vichupa vinane hulishika na kuligeuza zambarau na kijani, kama ndoto isiyotaka kuisha. Cha tano hulipitisha tu, hadi ukutani. Huenda ndicho kizuri kuliko vyote. Sina hakika, na nimekitazama sana.

Kamati ya makumbusho imekubali. Kichupa kinabaki, na kadi yake pia.

Asante, Bi. Rael. Siku zako za mapumziko ziwe njema, na vibuyu vyako visikose maziwa.